Nyota Moja kwa Kambi ya Kaka Gaudence

Grand Prairie, 4 Desemba 2017

Kaka Gaudence,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinilea vizuri, si kwa sababu umeistahili wiki hii. Sisi huku tu wazima. Binti yetu Angel amerudi chuoni na mafua yake, Melkiori amerudi ghalani kwenye zamu, na mimi nimejibanza chumba cha mapumziko cha wauguzi, wali umepoa mbele yangu. Mama alipiga Jumapili kutoka Bukoba. Goti linamsumbua lakini sauti ilikuwa nzuri. Wifi Nyaboke msalimie, mwambie ule ugali wake wa wimbi bado nauota.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Simu siwezi kupiga. Kila nikiichukua, Melkiori ananitazama na kusema, "Prude, achana na kaka yako." Kwa hiyo nakuandikia kwa kificho kama mwanafunzi wa bweni, kwa mkono, na stempu nimeomba kwa Chepngetich wa wodi ya watoto.

Unajua mume wangu alivyoililia ile RV. Aliinunua kuukuu, akaipaka rangi mwenyewe, akashona mapazia kwa cherehani yangu mpaka sindano ikakatika. Majirani wanamcheka kwamba anaosha gari la kulala zaidi ya anavyoosha gari la kwendea kazini. Safari yake ya kwanza akataka iwe kwako, kwenye sikukuu ya Shukrani, ili aone ile kambi unayojivunia. Mimi nilikuomba jambo moja tu: utupe nafasi pale bwawani, chini ya mialoni. Ukasema, "Hiyo yako, dada, nani mwingine nimpe?" Tukafika, ukatupokea ofisini kwa kahawa ya kutafuna kama nyumbani, roho yangu ikakunjuka, halafu ukatuongoza mpaka namba tisa.

Namba tisa, kaka! Upande mmoja bafu za kambi, upande wa pili shimo ambalo kila RV inayoondoka inakuja kumwagia maji yake ya choo. Tumekula bata mzinga huku mtu na mpira wake wa maji taka amesimama pembeni akitusalimia. Ardhi imelala kiubavu, mayai kwenye kikaango yakahamia pembeni yote. Nikiwasha hita na jiko kwa pamoja, umeme unakatika. Tawi lako limekwaruza paa ambalo Melkiori alikuwa amelipaka rangi siku chache tu kabla. Na mume wangu, ambaye ana choo chake ndani, akawa anatoka na taulo begani kwenda bafu za kambi asubuhi, mchana na jioni, maana harufu ilishamfanya hata choo chetu akione kichafu.

Jioni nilitembea peke yangu mpaka bwawani. Nafasi zilikuwa tupu, kaka. Tupu! Mialoni imetulia, meza zimefutwa, hakuna hata mbwa. Nilirudi nikalala nimegeukia ukuta.

Nataka jibu la kwa nini. Usiniletee la mafuriko.

Mdogo wako,
Prudensia


Houston, 9 Januari 2018

Mdogo wangu Prudensia,

Marahaba, hata kama umeitoa kwa kunibania. Heri ya mwaka mpya. Hapa Nyaboke amepandishwa cheo hospitalini na sasa anatuamrisha hata nyumbani. Mama nimeongea naye, goti linapakwa dawa ya mtaani kwao, nimemkataza, amenijibu kwamba yeye ndiye aliyenizaa.

Barua yako nimeisoma. Ya umeme ni kweli, waya ni za zamani. Ya ardhi kuinama ni kweli. Ya tawi nitalipa kwa mikono yangu, nitakuja nipake lile paa mwenyewe. Tangu maji ya Agosti kambi hii imekuwa ikinila mwili. Matope yalifika kwenye madirisha ya ofisi, na kwa miezi nilikaa na familia zilizopoteza nyumba zao, wanaishi ndani ya RV za kuazima na watoto wanacheza kwenye changarawe.

Kuhusu bwawani, sina la kukuambia. Niliwaweka pale nilipowaweka. Sababu ninayo na nimeikalia.

Shemeji anaendeleaje? Anakula? Mwambie nimeuliza kama alikwenda kule alikosema atakwenda mwezi huu. Usisahau kumwambia, tafadhali.

Kaka yako,
Gaudence


Grand Prairie, 17 Septemba 2018

Gaudence,

Shikamoo leo sina.

Tumerudi Marekani wiki iliyopita. Angel hali vizuri, analala kitandani kwangu na taa ikiwaka. Mama alibaki anatulilia uwanja wa ndege wa Bukoba na goti lake lile lile. Hizo ndizo habari za familia.

Umeona kila kitu, kwa hiyo sikusimulii msiba. Umeona alivyoanguka kazini mwezi wa Mei, umeona walichokikuta tumboni, umeona Julai ilivyofika. Kamachumu kwenye maziko ulikuja, ulibeba jeneza, sikatai. Lakini ulikaa mwisho wa turubai. Hukunitazama machoni hata mara moja. Watu wakadhani ni majonzi. Mimi nikasema moyoni, huyu anajua alichokifanya.

Maana mume wangu alipata safari moja, Gaudence. Moja tu katika maisha yake yote na lile gari. Alikuwa ameandika kwenye ramani ya ukutani Galveston, milima ya Colorado, mpaka wapi sijui. Kote huko hakufika. Alifika kwako, ukamlaza kando ya shimo la mavi, na ile ndiyo ikawa dunia yote aliyoiona kupitia kioo chake cha mbele. Nimekuuliza kwa nini, ukaniambia umeikalia sababu. Kaa nayo basi.

Angel ananiambia, "Mom, just let it go." Nimemwambia aache hayo mambo yake ya kizungu, mimi siachi. Nimejifunza kuliendesha lile gari. Nimegonga pipa la taka la jirani, nimegonga geti, sasa sigongi tena. Na jana niliingia kwenye ule mtandao ambao wasafiri wa RV wanaangalia kabla ya kuchagua pa kulala, nikakupa nyota moja. Nakunakilia usije ukasema sikukuambia:

"Mwenyeji anakuahidi bwawa anakupa shimo. Ardhi haikusawazishwa, umeme haubebi, matawi hayajakatwa, na ukimuuliza anatazama viatu vyake. Ukitaka kumfurahisha mtu unayempenda, mpeleke kwingine."

Hakuna uongo hapo. Tafuta neno moja la uongo unionyeshe.

Prudensia


Houston, 28 Novemba 2018

Prudensia,

Habari za huko. Nyaboke anakusalimia, ingawa salamu zake zimekuja na maneno ambayo nimeyachuja. Mama anauliza kwa nini hatupigi simu pamoja siku hizi. Nimemwambia wote tuko bize.

Umeandika kweli, na ndiyo inayoniuma. Sikukuu ya Shukrani mwaka huu nusu ya kambi ilikuwa tupu. Mama mmoja wa Kimarekani alinipigia akaniuliza kwenye simu, "Wewe ndiye unayetazama viatu?" Nyaboke alikuwa jikoni akasikia. Akasema, "Huyu dadako ametumaliza. Si um-call tu m-sort hii maneno? Kuna nini hunishow?"

Yeye sikumwambia kitu, na wewe sitakuambia. Nakuomba uiondoe. Ninakuomba kama kaka.

Gaudence


Ziwani, magharibi ya Fort Worth, 6 Aprili 2019

Kaka Gaudence,

Shikamoo. Leo nakupa, kwa kuwa nina furaha na nataka uijue.

Naandika nje, kwenye meza ya mbao. Angel amefaulu mitihani. Mama amepata fimbo mpya na anaionea fahari. Mimi kila nikipata siku za kupumzika ninawasha gari na kwenda. Nimeshalala kambi nyingi sana kati ya huku na Houston, na nimejifunza kazi yako kuliko wewe.

Sikiliza, maana elimu hii nakupa bure. Hapa nilipo mwenyeji ni bibi mmoja aliyekonda, anavaa kofia ya marehemu mumewe. Nilipofika hakunipa ramani na kunionyesha kidole. Alitangulia mbele ya gari kwa miguu yake, akanipungia mkono kushoto, kulia, mpaka nikaingia bila kurudi rivasi. Sakafu ni ya zege, niliweka glasi ya maji mezani haikutikisika. Maji yana nguvu lakini hayapasui mpira. Umeme unabeba kila kitu. Shimo la maji taka liko mbali, nyuma ya ua, upande ambao upepo hauleti. Bafu zimekauka sakafuni na kuna msumari wa kutundikia nguo, kitu kidogo sana, wewe kwako watu wanaweka nguo zao juu ya sinki. Na jioni zinapoanza saa za ukimya, bibi anapita kwa baiskeli, mwenye redio anaizima kabla hajaambiwa.

Lakini siyo hayo, kaka. Asubuhi alinigongea akaniuliza kama nililala. Nikamwambia mume wangu angependa hapa. Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Tukakaa mpaka jua likatuchoma. Nimempa nyota zote na ningezidisha kama zingekuwepo.

Siku hizi nina wasomaji. Wananiita Nurse P. Wananiandikia kutoka Oklahoma wananiuliza walale wapi wakishuka Houston. Ninawaambia wapite geti lako, wavuke barabara, waingie kwa yule mzee jirani yako mwenye mbwa watatu. Nimelala kwake mwezi jana. Nafasi yangu ilikuwa inatazama bango lako. Nilikuona unafagia, nikanywa chai yangu taratibu.

Unajua utamu wa jambo hili? Sikujua kama kisasi kinampa mtu hamu ya kula. Nimenenepa.

Prudensia


Houston, 11 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Natumaini barua itakukuta umetulia nyumbani. Mama ameanza kusahau majina, juzi aliniita kwa jina la baba. Nyaboke yupo, sasa anafanya zamu za ziada ili kambi isifungwe, na ananikumbusha kila akivua viatu.

Nakuandikia kukuambia nimefanya yote uliyoyasema. Nilikuwa na hasira, nikaisoma ile barua yako ya ziwani, nikaibandika ukutani ofisini. Shimo nimelihamisha mpaka nyuma kabisa kwenye uzio. Waya zote mpya. Namba tisa nimeivunja, hapo sasa kuna tuta la maua. Nafasi zote ni zege, nimepima kwa pima maji mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Misumari ya nguo nimeigonga, kila bafu. Na kila gari likifika natangulia mbele kwa miguu, Prudensia, na goti langu limeanza kuwa kama la mama.

Wageni wachache wanaokuja wanafurahi. Familia moja ya Louisiana waliongeza siku. Lakini ukifungua ule mtandao, cha kwanza unachokiona ni wewe.

Njoo uone. Bwawani nimekuachia. Ukiona ni pazuri, sema ni pazuri, basi. Sikuombi unisamehe kitu.

Gaudence


Grand Prairie, 20 Februari 2020

Gaudence,

Mama ananiita Prude bado, kwa hiyo hajasahau wote. Angel ana mchumba, kijana Mkisii anaitwa Onyancha, mpole, anaosha vyombo. Hospitalini tunaambiwa kuna ugonjwa unakuja, tumeanza kuhesabiwa barakoa.

Nilikuja. Hukunijua kwa sababu nilikuja kwa RV ya Chepngetich na yeye ndiye aliyejiandikisha, mimi nikabaki ndani nyuma ya pazia. Ulitangulia mbele kwa miguu. Ulituleta bwawani. Nilikuona unachechemea.

Ni pazuri. Nakuambia wewe hapa kwenye karatasi, na hakuna mwingine atakayeiona. Maji safi, mialoni imekatwa vizuri, ardhi imekaa sawa, bata wanakuja mpaka mlangoni. Nilikaa pale nikamwona Melkiori kwenye kile kiti cha kukunja, amevaa kandambili, anatafuta stesheni ya redio. Ningemletea chai. Angesema, "Prude, kaka yako mtu." Nikalia mpaka Chepngetich akatoka nje kuniacha.

Halafu nikashika simu nikaandika kwenye ule mtandao kwamba maji ya bomba yanatoka ya kahawia na mtoto mmoja ameharisha.

Ndiyo, ni uongo. Wa kwanza kuandika. Nimekaa nao siku kadhaa na sijajuta, kwa sababu ulikuwa na pazuri pa kumlaza siku ile na hukumlaza, na sasa unataka nikushukuru kwa maua.

Prudensia


Houston, 19 Machi 2020

Prudensia,

Salamu sina. Mkaguzi wa maji wa kaunti alikuja akapima akakuta safi, akaondoka, lakini wageni hawasomi vipimo vya kaunti, wanakusoma wewe. Sasa na ugonjwa huu, waliobaki wamefuta nafasi zao. Jumatatu nilifunga geti. Nyaboke alikaa ndani ya gari hakutaka kushuka.

Ulitaka kujua kwa nini. Kaa chini.

Siku chache kabla hamjaja, mumeo alinipigia kutoka ghalani. Akaniomba nafasi iliyo karibu kabisa na bafu. Nikamwambia hiyo ni namba tisa na inanuka. Akasema, "Hiyo hiyo, shemeji." Nikamwambia dada yangu ameshaomba bwawani, atanitoa roho. Akasema, "Acha akutoe roho."

Mlipofika, wewe ukipanga vyombo, alinifuata nyuma ya bafu akaniambia. Alikuwa anatoka damu chooni tangu Agosti. Choo cha ndani ya gari hakukitumia kwa sababu wewe ungeona. Nikamwambia, "Mkeo ni nesi, mwambie leo hii." Akasema, "Ndiyo sababu siwezi. Nikimwambia tunageuza gari usiku huu, naingia hospitali, na RV inarudi chini ya turubai. Niache nile sikukuu yangu. Januari nakwenda mwenyewe."

Nikakataa. Akaingia ofisini, akatoka na buni moja kutoka kwenye kile kibakuli changu cha wageni. Akaipasua kwa meno. Punje mbili, akaweka moja mdomoni, moja akanipa. Unajua maana yake, wewe ni wa Bukoba. Wazee walikuwa wanaipaka damu ya kitovuni kabla ya kupeana, na aliyekula omukago, undugu wa damu, na mwenzake akimtoa siri, tumbo lake lilikuwa linavimba mpaka anakufa. Sisi hatukujichanja, tulikuwa watu wazima wenye leseni za Texas tumesimama nyuma ya choo. Lakini niliitafuna, Prudensia. Nikameza.

Januari nilikuuliza kwenye barua kama alikwenda. Hukunijibu. Yeye nilimpigia, akaniambia amekwenda, wamesema ni bawasiri. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Msibani sikuweza kukutazama. Na tangu hapo kila ulichonitupia nimekipokea na kukimeza juu ya punje ile, nyota moja, viatu, mzee wa mbwa watatu, chai unayoinywa ukinitazama nafagia. Mke wangu ameniuliza nikamnyima. Nimepoteza kambi kwa ajili ya mdomo nilioufunga.

Leo naufungua, na tumbo livimbe likitaka. Sikuambii ili upate amani. Nakuambia ili ikuume kama ulivyoniuma. Mumeo alikuwa anakufa umbali wa mkono kutoka kwako, anapita mbele yako na taulo begani, na wewe ulikuwa unalalamika mayai. Nesi mzima. Hukuona.

Andika hilo kwenye mtandao wako.

Gaudence


Fort Worth, 12 Aprili 2020

Kaka Gaudence,

Shikamoo.

Naishi kwenye RV sasa, kwenye maegesho ya hospitali, pamoja na wenzangu kadhaa, ili tusipeleke ugonjwa nyumbani. Angel analeta chakula, anakiweka kwenye ngazi, anarudi nyuma, tunapungiana. Barua yako aliileta juu ya bakuli la ndizi. Niliisoma nikiwa nimevaa barakoa bado, nimesimama.

Zamu ile sikwenda. Ni mara ya kwanza. Chepngetich alikuja akagonga, nikamwambia kupitia mlangoni kwamba tumbo linauma, na ilikuwa kweli.

Ulitaka iniume. Imeniuma. Sikuona, na nitakufa nikijua hivyo. Nimerudia zile siku zote, taulo, shati analofua mwenyewe, nyama anayoisogeza pembeni ya sahani. Wagonjwa wa watu nawatambua wakiwa bado mlangoni. Wangu alijificha, na alijua pa kujificha kwa sababu alikuwa ameishi na nesi.

Lakini sasa nisikilize wewe, maana umelenga mimi ukajipiga mwenyewe. Unaniambia habari hii kama mtu aliyeonewa. Punje ya kahawa! Umeniandikia ukurasa mzima juu ya jinsi ulivyoibeba. Damu tangu Agosti. Wewe ukajua Novemba. Mimi nikajua Mei, saratani ilipokuwa imeshafika kwenye ini. Kati ya Novemba na Mei kuna watu ninaowatoa kwenye meza ya upasuaji wanaamka wanaomba uji. Sisemi angepona. Hakuna daktari atakayekuambia angepona. Nasema ningekuwa na ile miezi, na yeye angekuwa nayo, na ulikaa juu yake kwa sababu mwanaume mwenzako alikuogopesha kwa buni moja. Ukaniuliza kwa barua kama "alikwenda kule alikosema." Kule wapi? Ungeandika neno moja tu. Damu. Lina herufi nne. Mimi ningeacha wali wangu mezani nikamfuata ghalani.

Nimefuta yote niliyoandika juu ya kambi yako, ya kweli na ule uongo. Nimewaandikia wasomaji kwamba maji yako ni safi na kwamba nilidanganya, na Nurse P ameacha kuandika. Usinishukuru. Wale watu wanatafuta pa kulala tu, deni lako haliwahusu. Na mimi nimeona kwamba muda wote huu nilikuwa nakuadhibu kwa kosa dogo, kwa vile sikulijua kubwa.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, kwa sababu lilinitia aibu. Siku ya tatu baada ya kumzika, mama yake Melkiori alisimama mbele ya akina mama wote, jikoni Kamachumu, akasema, "Mwanangu alioa nesi ili afe na ugonjwa ambao hata mimi nisiyesoma ningeuona." Tangu siku hiyo hajapokea mkono wangu. Nikimtumia sukari anaigawa. Angel akimpigia anaongea naye, akisikia sauti yangu nyuma anakata. Nimelibeba hilo na kazi na gari, na nilikuwa naamini nimelistahili.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokutaka, na baada yake hatudaiani. Ndege zimesimama, najua. Zikianza kuruka, wewe utakata tiketi. Utakwenda Kamachumu, utakaa kwenye mkeka wa yule mama, na utamwambia kwa mdomo wako nani alijua na tangu lini. Hutamwandikia, hutampigia, hutamtuma Nyaboke. Akikupiga, utapigwa. Akikulaani, utasikiliza mpaka amalize, ni mtu mzima, anakwenda polepole.

Mimi nitasafiri na wewe mpaka mlangoni kwake. Ndani utaingia peke yako.

Dada yako,
Prudensia